"Rangi ni rangi, mama": uzoefu wangu na ofisi iliyobuni vifungashio vyangu

Nilikusudia kuipa ofisi hii nyota tatu, kwa sababu michoro yao ilikuwa mizuri na sitalikana hilo hata nikiwa na hasira. Nauza unga wa keki uliochanganywa tayari, na wateja wangu wengi ni vijana wa Dar es Salaam wanaopanga chumba kimoja, wasio na oveni, wanaooka kwa sufuria. Ladha ni nne: vanila, chokoleti, ndizi na iliki. Nilichoomba ni kwamba mtu akiziona pakiti hizo popote, ajue kuwa ni za mama mmoja.

Yule mbunifu alinielewa upesi. Aliweka jina mahali pale pale kwenye pakiti zote, akatumia herufi za aina moja, akauacha ukanda mmoja tu ubadilike rangi kwa kufuata ladha, na badala ya ile oveni ambayo kila mtu huichora, akachora sufuria iliyofunikwa juu ya jiko la gesi. Nilipoiona kazi ile kwenye kompyuta yake, kidogo nimkumbatie.

Kisha mzigo ukaja. Vanila na chokoleti zilikuwa zimechapwa kwenye karatasi nyeupe, lakini ndizi na iliki zilichapwa kwenye karatasi ya kaki kwa sababu, naambiwa, nyeupe ilikuwa imewaishia. Hakuna aliyenipigia simu kuniuliza. Wino wa kuchapia hupitisha mwanga, kwa hiyo rangi ya karatasi huchungulia kutoka chini, na pinki ya jina langu ikageuka rangi ya tofali bichi. Dawa yake ni kutanguliza wino mweupe, au walau kumwonyesha mteja sampuli moja kabla ya kuchapa mia nane.

Nilipomweleza mbunifu, hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Rangi ni rangi, mama. Vijana hawaangalii hayo."

Hawaangalii! Hawa hawa ambao hawali chipsi kabla ya kuzipiga picha? Wiki hiyo hiyo binti mmoja, mteja wangu wa siku zote, aliishika pakiti ya iliki, akaigeuza, akaniuliza kwa upole kama hiyo si feki. Nimelipia undugu wa pakiti nne, nikaletewa mbili na watoto wawili wa kambo.

Msimbomilia nao, ile mistari inayosomwa na mashine ya dukani, waliupaka rangi nyekundu, eti ulandane na ukanda. Mashine nyingi za dukani husoma kwa mwanga mwekundu, na chini ya mwanga huo mistari myekundu huonekana kama haipo. Hilo ningelisamehe, maana nimebandika stika nyeusi kwa mkono na mambo yakaenda.

Nikiwa mkweli, zile mbili za karatasi nyeupe zinauzika kuliko chochote nilichowahi kufungasha, na wanafunzi huniombea pakiti tupu wakabandike ukutani. Kwa hiyo labda kosa ni la wachapaji, si la mbunifu. Lakini mchapaji alitafutwa na yeye, fedha nilimlipa yeye, na neno "mama" lile alilitamka yeye, kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku. Basi nyota ni moja, na hata hiyo ni ya ile sufuria. Michoro halisi nimeiomba mara tatu ili nikachape kwingine, na mpaka leo anasema kompyuta iko kwa fundi.