Kumbukumbu za marubani wa kivita: angalia toleo kabla ya kulipa

Wasomaji wa kumbukumbu za marubani wa Vita vya Pili vya Dunia wana lalamiko moja lisiloisha: mtu ananunua kumbukumbu "mpya" ya rubani anayempenda, anasoma kurasa chache, kumbe kitabu hichohicho anacho tayari kwa jina jingine. Ndiyo maana hapa toleo linatangulia idadi ya ndege zilizoangushwa.

Johannes Steinhoff, rubani wa Ujerumani, ndiye anayewachanganya watu zaidi. Kitabu chake cha Kijerumani cha 1969 kilitafsiriwa kwa Kiingereza kama The Straits of Messina, kisha kikarudi madukani kikiitwa Messerschmitts over Sicily. The Last Enemy ya Richard Hillary, ya 1942, Marekani iliuzwa kama Falling Through Space. Kwa Pierre Clostermann, rubani Mfaransa, jina halibadiliki, ila The Big Show ya 2004 ina mengi ambayo matoleo ya zamani hayana.

ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, haitakuokoa, kwa sababu kila toleo hupewa namba yake, na vitabu vya miaka ya 1950 havina namba hiyo kabisa. Fungua ukurasa wa hakimiliki, nyuma ya ukurasa wa jina. Tafuta jina la awali, mwaka wa kwanza wa kuchapishwa, na neno lolote linalosema kitabu kimefupishwa.

Wa kwanza kwangu ni First Light ya Geoffrey Wellum, na sioni wa kumkaribia. Alirusha Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, katika Kikosi cha 92 mwaka 1940 akiwa na miaka 18 na 19; kitabu kikatoka 2002. Wengi huishia kwenye ushindi. Yeye anaendelea hadi pale mwili na akili vinapokataa, baada ya kupeleka ndege Malta mwaka 1942. Toleo la Penguin la jalada jepesi linatosha.

Wa pili ni Steinhoff, kwa jina lolote kati ya hayo mawili. Hasimulii vita vizima. Anabaki Sicily, kiangazi cha 1943, mafuta na ndege vikipungua huku Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, akitaka rubani mmoja wa kila kikosi ashtakiwe kwa uoga. Hillary ni wa tatu: nusu ya uzito wa kitabu iko hospitalini, kwenye mikono na uso vilivyoungua. Clostermann anafuata, hasa kwa sura za 1945 anaporusha ndege ya Tempest.

Anayeanza achukue Going Solo ya Roald Dahl. Safari inapitia Dar es Salaam na mafunzo ya ndege ya Tiger Moth Nairobi kabla ya ndege za kivita za Hurricane huko Ugiriki mwaka 1941, ila asitarajie mapigano tangu ukurasa wa kwanza. Samurai! ya Saburo Sakai, rubani wa Japani, inasisimua, lakini iliandikwa kwa msaada wa waandishi wawili, na hesabu yake ya ndege 64 alizoangusha inapingwa. Usiitegemee kwa takwimu.

Chapa za bei rahisi zilizoskaniwa ziache: picha hugeuka madoa meusi na ramani hukatwa pembeni.

Kinachoudhi ni wauzaji wa mtandaoni wanaopiga picha jalada tu, wakaandika "nadra sana" na kupandisha bei. Omba picha ya ukurasa wa hakimiliki. Kupiga picha hiyo ni kazi ya dakika moja. Akikataa, mwache na kitabu chake.