Kadi za Maombi kwa Mtoto Anayeogopa Shule: Zinapofaa na Zinapopungua

Kasha la kadi ninalolitathmini hapa limetengenezwa kwa ajili ya watoto wa shule ya msingi ambao roho zao huwa juu kila Jumatatu inapokaribia. Kila kadi ina mstari wa Biblia upande mmoja, na upande wa pili ina sala fupi pamoja na jambo moja ambalo mtoto anaweza kulifanya. Nimezitumia nyumbani na katika darasa la watoto kanisani kwa muda wa kutosha kusema kwamba baadhi ya mafungu yake yana msaada wa kweli, na kwamba mengine mchapishaji angepaswa kuyaandika upya.

Fungu la asubuhi ndilo bora kuliko yote. Hofu ya shule mara nyingi hujitokeza mwilini kabla mtoto hajapata maneno ya kuieleza: tumbo huuma, kichwa hugonga, viganja hutoa jasho, na maumivu hayo ni ya kweli hata kama hutoweka ifikapo Jumamosi. Kadi ya Zaburi 56:3, “Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe,” inamwelekeza mtoto avute pumzi taratibu akisema moyoni nusu ya kwanza ya mstari, kisha aitoe taratibu zaidi akisema nusu ya pili. Kutoa pumzi polepole hutuliza mapigo ya moyo, kwa hiyo sala na mwili vinafanya kazi moja. Isitoshe, mstari wenyewe haukani hofu, kwani kichwa cha zaburi hiyo kinaihusisha na wakati Wafilisti walipomkamata Daudi huko Gathi, naye hajifanyi jasiri mbele za Mungu. Mtoto mmoja wa darasa letu aliibana kadi hii ndani ya daftari lake la hesabu hadi kingo zake zikachakaa, na kabla ya kuitwa ubaoni alikuwa akiigusa kwa kidole bila hata kuitazama.

Kadi nyingine iliyonivutia ni ya mtoto anayeogopa kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Inatumia habari ya Musa katika Kutoka 4, aliyejitetea kwamba ulimi wake ni mzito, naye Mungu akampa Haruni awe msemaji wake, lakini hakumwondolea safari ya kwenda kwa Farao. (Kadi imeruka kimyakimya mahali panaposema hasira ya Bwana iliwaka juu ya Musa, kwa msomaji wa miaka saba sioni ubaya.) Kazi inayofuata ni mtoto kumchagua mwenzake mmoja, amsomee sentensi moja, baadaye asome mbele ya kikundi kidogo, na hatimaye mbele ya darasa zima. Hivyo ndivyo washauri wa watoto wanavyofanya wanapomsaidia mtoto kukikaribia anachokiogopa hatua kwa hatua, kwa sababu kumwacha abaki nyumbani kila anapolia humpa nafuu ya siku hiyo na kuikuza hofu ya kesho yake.

Fungu la mitihani ni habari nyingine. Hapa Wafilipi 4:6, “Msijisumbue kwa neno lo lote,” umegeuzwa kuwa karipio, na sala zilizoandikwa chini yake zinasema kwa namna mbalimbali kwamba mwenye imani haogopi. Mtoto anayeyasoma hayo huku moyo wake ukiendelea kwenda mbio ataamini kwamba imani yake ina kasoro, ataongeza aibu juu ya hofu, na kuanzia hapo atanyamaza. Waandishi wangekumbuka kwamba Yesu mwenyewe, kule Gethsemane, alihuzunika na akawaomba marafiki zake wakeshe pamoja naye. Lipo pia tatizo la sala zinazofanya biashara na Mungu, kwamba ukiomba utafaulu. Sijui aliyeomba kwa moyo wake wote kisha akapata alama za chini anapaswa kufikiri nini. Sala ya kuomba utulivu wa kukumbuka alichojifunza, na kumshukuru Mungu kwamba upendo wake haupimwi kwa alama, ingemfaa zaidi. Kadi hizo nimeziondoa kashani.

Upungufu ninaouona kuwa hatari hasa uko katika kadi inayohusu kuonewa na wenzake. Inamwambia mtoto asamehe saba mara sabini, kutoka Mathayo 18:22, na kuishia hapo. Hakuna neno lolote linalomtaka amwambie mzazi au mwalimu, ilhali katika sura hiyohiyo Yesu anatoa onyo kali kwa anayewakosesha wadogo, na anaeleza utaratibu wa kuwahusisha mashahidi pale mkosaji asiposikia. Mtoto anayepigwa au kudhihakiwa kila siku anahitaji kulindwa na watu wazima, na msamaha hauwezi kuwa sababu ya kumnyima ulinzi huo.

Karatasi ya mzazi iliyomo kashani ni fupi lakini ina busara. Inasisitiza usingizi wa kutosha, ikimtaja Eliya aliyelala na kulishwa na malaika kabla ya kusikia sauti ndogo ya utulivu, na inamtaka mzazi asikilize kwanza ndipo aombe pamoja na mtoto. Ningeongeza kwamba hofu inayodumu kwa majuma kadhaa, inayomfanya mtoto akatae kabisa kwenda shule, akose usingizi au aseme maneno ya kukata tamaa, inahitaji daktari au mshauri wa watoto, na familia inaweza kuendelea kuomba wakati wa matibabu.

Kwa wasiwasi wa kawaida wa kuanza muhula, kuhama darasa au kutengana na mzazi langoni, ninalipendekeza kasha hili kwa watoto wanaoweza kusoma wenyewe. Mzazi azipitie kadi zote kwanza, aondoe zile za mitihani, na kwenye kadi ya kuonewa aandike kwa kalamu jina la mtu mzima ambaye mtoto wake anaweza kumwendea shuleni.