RAM ya mtumba ya Kariakoo imekula picha za harusi ya watu

Habari za kasi na ukubwa mtazisoma kwingine. Mimi niliuziwa RAM ya mtumba, kile kijiti ambamo kompyuta hushikilia data inapofanya kazi, GB 8 za aina ya DDR3 kwa shilingi 30,000, na kinachoniuma ni kwamba haikufa siku ileile. Ingekufa ningeirudisha, yakaisha.

Badala yake mashine ikawaka vizuri, kuhariri picha kukawa kwepesi, nikalisifia duka mpaka jirani yangu naye akaenda kununua. Wiki kadhaa baadaye nafungua folda ya harusi: bibi harusi anaonekana kichwa na mabega, kuanzia kifuani kushuka ni kijivu kitupu. Picha nyingine hazifunguki kabisa. Nikailaumu hadidiski. Mashine ilipoanza kugoma na kutoa skrini ya bluu yenye kosa la MEMORY_MANAGEMENT, fundi wa mtaani akaja na MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi mistari myekundu ya makosa imejaa. Akachomoa ya mtumba, akapima yangu ya zamani peke yake: safi.

RAM za kompyuta zetu za kawaida hazijisahihishi kama zile za seva. Data ikiharibikia humo, mashine inaiandika vilevile kwenye diski na haisemi kitu. Hata bakapu yangu ilipitia humohumo. Mteja utamweleza nini hapo?

Nikarudi dukani. Kijana hata kunitazama hakunitazama. "Dada yangu, mambo ya kompyuta waachie mafundi. Mashine yako ndiyo inaua RAM." Akachukua ufutio wa shule, akasugua yale meno ya dhahabu ya RAM, akapuliza, akanisukumia juu ya kaunta. "Kajaribu tena."

Sawa, ufutio wakati mwingine husaidia kweli kama meno yamechafuka, na kwenye maduka yale wapo waungwana. Nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu. Ila wakati naipokea ukucha ukagusa pembe ya stika, ikabanduka. Chini yake kuna stika nyingine! Ya juu PC3-12800, yaani kasi ya 1600; ya chini PC3-10600, yaani 1333. Kumbe ndiyo maana kompyuta ilikuwa inasoma 1333 wakati nimelipia 1600. Namwonyesha, ananionyesha risiti: mali ikiuzwa hairudi.

Nyota tatu nimezifuta. Stika haijibandiki yenyewe juu ya mwenzake. Nyota moja, kwa kuwa bila hiyo maoni hayapokelewi. Ukilazimika kununua mtumba, beba mashine yako, ipimwe mbele yao hata kama ni kushinda hapo mchana kutwa. Wakikataa, ondoka.

Na yule jirani? Yake inapiga kazi mpaka leo, hajawahi kulalamika. Nimemwambia aipime usiku huu. Kasema niache wivu.