Uzoefu wangu na darubini iliyopandikizwa ndani ya jicho langu la kushoto

Naandika haya kwa ajili ya wazee, na zaidi kwa watoto wa wazee, wanaouliza kama kifaa cha kupandikizwa jichoni kinaweza kumsaidia mtu ambaye makula yake imeharibika kwa sababu ya umri. Nimeishi na kifaa cha namna hiyo kwa muda wa kutosha kukisemea. Kwa kazi chache kinafaa sana, kwa nyingine hakifai kabisa, na faida yake inatokana na mazoezi ya baada ya upasuaji kuliko upasuaji wenyewe.

Makula ni sehemu ndogo iliyo katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na ndiyo tunayoitegemea kusoma na kutambua nyuso. Ugonjwa wangu ulikuwa wa aina kavu, ukafika hatua ya mwisho katika macho yote mawili. Kila nilichokikazia macho kilifunikwa na doa la kijivu, ilhali pembeni niliona vizuri, kwa hiyo niliweza kutembea dukani bila kushikwa mkono lakini sikumjua aliyenisalimu mpaka niisikie sauti yake. Nilifundisha shule ya msingi Tanga kwa miaka mingi kabla ya kuja kuishi na binti yangu Maryland, Marekani, na hakuna kilichoniuma kama kushindwa kusoma.

Kifaa nilichowekewa ni darubini ya kioo yenye urefu wa milimita 4 hivi, ambayo ukiiweka kiganjani haizidi punje ya choroko. Daktari hutoa lenzi ya asili ya jicho, kama anavyofanya kwa mgonjwa wa mtoto wa jicho, kisha huiweka darubini mahali pake. Hukuza taswira mara 2.2 au 2.7, kulingana na aina iliyochaguliwa, na kuitandaza kwenye eneo pana la retina ili zile sehemu zenye uhai zilizo kandokando ya makula zipate kuisoma. Makula yenyewe haiponi, na doa halitoweki; linachukua sehemu ndogo zaidi ya kile unachokitazama. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikiidhinisha mwaka 2010 kwa wenye miaka 75 na kuendelea, na mwaka 2014 ikashusha umri huo hadi 65. Bei ya kifaa peke yake ilitajwa kuwa takriban dola 15,000, lakini Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, ilikuwa ikikilipia kwa anayetimiza masharti.

Jambo lililonifanya niiamini huduma hii ni kipimo kinachofanywa kabla ya kisu. Unapewa darubini ya nje, unaishikilia mbele ya jicho na kusoma ubao wa herufi, na usipoongeza angalau herufi tano huendelei. Nilipewa pia nafasi ya kuitumia nyumbani, nikatazama televisheni na picha za wajukuu, nikajua mapema ninachonunua na nisichonunua. Mzee yeyote anayeambiwa asaini bila kupitia hatua hii akatae.

Sasa nije kwenye mazoezi, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Darubini huwekwa katika jicho moja tu, kwani jicho lenye darubini huona eneo jembamba la nyuzi 20 hadi 24 na kupoteza sehemu kubwa ya uoni wa pembeni. Jicho la pili huachwa kama lilivyo ili likuongoze unapotembea. Ubongo kwa hiyo hupokea picha mbili zisizolingana, moja kubwa na ya karibu, nyingine ndogo na pana, na mwanzoni nilipata kizunguzungu, nikawa nanyoosha mkono kuchukua kikombe na kuukosa mpini. Mtaalamu wa uoni hafifu alinianzisha nikiwa nimekaa, nikitazama kitu kisichotembea huku jicho la kulia limezibwa. Baadaye tukaenda kwenye vitu vinavyosogea, kisha kubadilisha jicho kwa makusudi: la kushoto kwa kutazama, la kulia kwa kutembea. Kazi hii huchukua miezi, na inachosha. Binti yangu alikuwa akiniambia, "Mama, leo ukurasa mmoja tu," na ukurasa huo tukaumaliza.

Leo nasoma maandishi makubwa nikivaa miwani, kwa maana miwani haiondoki, na husoma polepole. Natambua sura ya anayekaa upande wa pili wa meza, na hilo peke yake kwangu lilistahili taabu yote. Gari siendeshi, na ngazi nashuka kwa jicho la kulia.

Hatari zipo, nami nataka zisemwe waziwazi. Jeraha la kuingizia darubini ni kubwa kuliko lile la mtoto wa jicho, na seli za tabaka la ndani la konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, hupungua. Katika utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 217, zilipungua kwa wastani wa asilimia 25 ndani ya mwaka wa kwanza. Zikipungua mno, konea huvimba na huenda ikahitaji kupandikizwa nyingine. Katika utafiti huohuo, macho 67 kati ya kila 100 yaliyowekewa darubini yaliongeza mistari mitatu au zaidi ya ubao wa herufi, ikilinganishwa na 13 kati ya 100 kwa macho ambayo hayakuguswa.

Ndugu walioko nyumbani wazingatie sharti moja hasa: jicho litakalowekwa darubini lisiwe limekwisha kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Kaka yangu aliyeko Tanga alikuwa ametolewa mtoto wa jicho katika macho yote mawili, basi mlango huu kwake ulikuwa umefungwa, na vikuzamaandishi vya mkononi pamoja na taa nzuri vimemsaidia zaidi ya safari ndefu ambayo ingemrudisha mikono mitupu.

Wapo wanaoniuliza kuhusu PRIMA, chipu ya milimita 2 kwa 2 inayowekwa chini ya retina na kupokea mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kutoka kwenye miwani yenye kamera. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 kutoka nchi tano za Ulaya yanatia moyo: kati ya wagonjwa 32 waliopimwa baada ya mwaka mmoja, 26 walipata nafuu ya maana katika kuona herufi. Hiyo pia hudai mafunzo ya miezi. Kwa kifaa chochote kati ya hivi viwili, kabla ya kuuliza habari za daktari mpasuaji, ulizeni ni nani atakayemfundisha mzee kukitumia, mara ngapi kwa wiki, na nani nyumbani atakaa naye anapofanya mazoezi.