Hereni za miiba ya nungunungu: nimezivaa wiki tatu, nawaambia kila kitu

Hamjambo wapenzi? Karibuni, karibuni. Wale mnaosubiri lile jiko la umeme, najua niliwaahidi, ila vumilieni mpaka Alhamisi ijayo, kwa sababu hiki kilichoko mkononi mwangu sikuweza kukiweka foleni. Ngojeni nisogeze taa. Mnaziona? Hereni.

Vipimo sisemi. Hereni ni hereni, zinaning'inia masikioni, nyepesi kiasi kwamba jana nililala nazo bila kujua. Hili duara la mbele ni gome la mti wa birchi, ile miti myeupe ya huku Kanada ambayo gome lake huchunika kama karatasi. Na hizi rangi zilizopangwa mpaka zikatoa nyota ya ncha nane, hii nyekundu, hii ya manjano, na nyeupe hapa katikati, si uzi na si shanga. Ni miiba ya nungunungu.

Sasa usimfikirie nungunungu wa kwetu, yule mwenye miiba mirefu kama kalamu, ile tuliyokuwa tunaiokota shambani. Wa huku ni mwingine, anapanda miti, na miiba yake ni mifupi, myembamba kama kijiti cha kuchokolea meno, lakini mmoja tu anaweza kuwa na miiba kama 30,000. Dada aliyetengeneza hereni alinitilia mitatu kwenye bahasha. Nachukua hiki kipande cha kanga, nauchoma mwiba. Umeingia kama siagi. Sasa nauvuta urudi nilikoutoa. Mnaona kitambaa kinavyovutika nao? Hautaki kurudi. Kwenye ncha kuna vijino vidogo vidogo vilivyoelekea nyuma, kwa jicho huvioni, ukipitisha kidole ndiyo unavihisi. Fundi anauloweka kwanza ulainike, anatoboa gome kwa msharasi kama wa fundi viatu, ncha moja anaichomeka tundu hili, ncha ya pili tundu lile, anakunjia nyuma. Gome likikauka, tundu linabana. Miiba inatiwa rangi kwanza, na mimi niliyekulia Tanga nikiona ukindu unachemshwa rangi uani kabla ya kusukwa mkeka, nilimwelewa kabla hajamaliza kunieleza.

Lakini hilo silo lililonifanya niwashe kamera. Nageuza hereni. Kwa nyuma kuna kipande cha ngozi kimefunika zile ncha zilizokunjwa, na juu ya ngozi kuna neno limechomwa kwa moto. Sogeeni. Hii ya kulia inasema kesalul. Hii ya kushoto, kesalin.

Huyu dada ni Mmi'kmaq. Wami'kmaq ndio wenyewe wa pwani hii, Nova Scotia na majimbo ya jirani, na nchi yao wanaiita Mi'kma'ki. Huu mji wa Halifax ninaoishi una jina lao, Kjipuktuk, yaani Bandari Kuu. Nimekaa hapa miaka sita, nimetoka nchi yenye mji unaoitwa Bandari ya Salama, na hakuna aliyeniambia kwamba hapa nilipo nako ni bandarini kwa jina lake mwenyewe. Nimeambiwa na muuza hereni.

Basi nikamuuliza, kesalul ndiyo nini? Akasema, nakupenda. Na kesalin? Unanipenda. Nikamwambia rudia. Akarudia. Wapenzi, nilisimama pale mezani kwake sokoni watu nyuma yangu wanasubiri. Maana Kiingereza kinataka maneno matatu kusema hivyo, mimi, penda, wewe, kila moja peke yake. Sisi ni neno moja, na-ku-penda, na wote wawili tumo ndani. Nao vilevile! Kesal- ndiyo mapenzi, halafu mkiani wanaweka nani kwa nani. -ul, kutoka kwangu kuja kwako. -in, kutoka kwako kuja kwangu. Sisi watu wetu tunawaweka mlangoni mwa neno, wao wanawaweka uani. Na nomino zao zina ngeli, ya vilivyo hai na ya visivyo hai. Nilikuwa najiona mgeni kwenye hii nchi, na kumbe lugha ya wenyeji nina mahali pa kuishikia.

Tamkeni na mimi. Ke-sa-lul. Ke-sa-lin. Nyepesi kwa ulimi wetu, irabu zilezile. Ukiona kile kikoma cha juu baada ya irabu, vuta: wela'lin, welaalin, maana yake asante. Ukichambua ni kama kusema, umenitendea wema. Ukiwashukuru wengi ni wela'lioq, na ile q ya mwisho ni kh, ile ya shekhe. Wela'liokh. Mara moja tena. Haya. Ukiwa Listuguj, kule Quebec, utakuta gesalul kwa g, wana namna yao ya kuandika, usidhani ni kosa.

Wanawake wenzangu mnajua kanga haina maana bila jina. Sasa hizi ni hereni zenye jina, ila kanga inamwambia jirani, na hizi zinakwambia wewe mwenyewe, kwa sababu neno liko ndani, linagusa shingo. Kulia nakupenda, kushoto unanipenda. Nilimuuliza yule dada kwa nini alificha maandishi mazuri hivyo. Akasema bibi yake alikuwa anaongea Kimi'kmaw, lugha yao, kwa kunong'ona tu.

Na hapo sikucheka tena. Kuna shule ilikuwa Shubenacadie, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka hapa, ya bweni, kuanzia 1930 mpaka 1967. Watoto wa Kimi'kmaq walichukuliwa makwao wakawekwa huko, na lugha yao waliadhibiwa wakiitumia. Mimi nilivishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili kwenye shule fulani ya Kiingereza, nikalia siku nzima, lakini jioni nilirudi kwa mama, na mama aliniongelesha Kiswahili. Wale hawakurudi jioni. Kwa hiyo msichana wa miaka ishirini na kitu anayechoma kesalul kwenye ngozi na kuiweka mezani sokoni, mimi siwezi kumwita muuza urembo tu.

Lugha imepata sheria yake sasa. Nova Scotia imekitambua Kimi'kmaw kuwa lugha ya kwanza ya jimbo, tangu tarehe 1 Oktoba 2022. Siku hiyo huku ni Siku ya Mikataba, na Oktoba nzima ni mwezi wa historia yao. Sheria ni jambo jema, lakini kijana haanzi kuongea kwa sababu ya sheria. Anaanza akisikia mwenzake anaongea na inapendeza. Mnamkumbuka Emma Stevens? Binti wa Eskasoni, kisiwa cha Cape Breton, wao wanakiita Unama'ki. Mwaka 2019, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, aliimba wimbo wa Blackbird wa Beatles kwa Kimi'kmaw, dunia ikasimama, mpaka mtunzi wake, Paul McCartney mwenyewe, akawaambia mashabiki wake jukwaani waende wakautazame. Na Mei mwaka huohuo alifika Nairobi, kwenye kikao cha kwanza cha baraza la UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, akaimba. Nairobi yetu! Nilikuwa sijui, nimejua nikiandaa hii video, nikampigia dada yangu anayefanya kazi Westlands, naye hakujua.

Haya, washindani. Kwenye maduka ya watalii kule ufukweni utakuta hereni za "kienyeji" dola 12, duara la plastiki limechapwa picha ya manyoya, nyuma hakuna neno, hakuna jina la mtu. Nilinunua jozi ili niwaonyeshe. Hii hapa. Kucha tu, rangi imetoka. Wengine wanauza ile mitego ya ndoto, vile vitanzi vyenye nyavu, wakisema ni vya hapa, na asili yake ni Waojibwe wa maziwa makuu ya Amerika Kaskazini, huko magharibi. Ukimnunulia mtu zawadi ya Mi'kma'ki, tafadhali iwe ya Mi'kma'ki.

Ninalolalamikia ni moja, nalo ni kulabu. Hii inayoingia sikioni. Ni ndefu na mdomo wake haufungi, na sisi tunaojitanda mtandio ni kazi. Tazameni nikigeuza shingo. Imenasa. Mara mbili wiki hii imenitoka kwenye basi, mara ya pili niliipata chini ya kiti. Nimemwandikia fundi wangu, akanijibu siku hiyohiyo kwamba ananitumia za kufunga, bure. Ukiagiza, mwambie mapema unavaa mtandio. Na usioge nazo, gome halipendi maji.

Bei: dola 60 za Kanada, laki moja na ushee za Tanzania. Kwanza niliona ghali, nisiwafiche. Halafu nilipoambiwa jozi moja inakula siku mbili, ukiondoa kuchambua miiba kwa unene na kuitia rangi, nikaona anajipunja. Mume wangu bado anasema ghali. Aseme.

Na mnajua ndani ya kisanduku kulikuwa na nini kingine? Kadi. Upande mmoja namna ya kutamka yale maneno. Upande wa pili, majina ya wenzake wanne: mmoja anasuka vikapu, mmoja anachora, mmoja anarapu kwa Kimi'kmaw, mmoja anapiga fidla. Wawili kati yao wanauza meza ya jirani, mteja ni yuleyule, hela ni ileile! Nikamuuliza, huogopi watakuchukulia wateja? Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. Akasema, "Mimi mezani kwa shangazi wa mmoja wao ndiyo nilianzia." Kadi hii imeniuma kidogo, kwa sababu mimi nina chaneli mwaka wa tatu na sijawahi kumtaja hata mmoja wa wenzangu wanaochambua bidhaa kwa Kiswahili. Kwa hiyo leo chini ya video nimeweka watatu, wawili wa Mombasa na mmoja wa Bujumbura. Nendeni mkajiunge kwao, halafu mrudi, hapa tumebakiza watu 40 kufika 5,000.

Yule wa vikapu nimeshamwagiza kimoja, kidogo, cha mti wa ash mweusi, vile vibanzi wanavyovipata kwa kulipiga gogo mpaka lichanike lenyewe kwa tabaka. Kikifika kabla ya Alhamisi nakifungua mbele yenu na jiko litasubiri tena. Kama una swali la hereni liandike hapo chini, na ukiweza anza na neno la kulia au la kushoto, nione nani ametamka na mimi.