Mbwa Kashonwa, Koni Haitaki: Ununue Nini Hapa Mtwara

Jike langu alipofungwa kizazi, usiku wa kwanza aligonga kila mguu wa meza na ile koni ya plastiki ya shingoni, ya kumzuia asilambe mshono, kisha akasimama kaelekea ukuta kama aliyepewa adhabu. Lakini kumwacha wazi huwezi. Ulimi una vijidudu, meno hukata uzi, na nyuzi hukaa siku 10 hadi 14.

Ninachokipa nafasi ya kwanza ni fulana ya mtoto ya mtumba, kwa mshono wa tumboni. Pekua bunda utafute pamba tupu. Nailoni kwa joto letu itamchemsha. Kichwa kinapita shingoni, miguu ya mbele mikononi, halafu upindo unaukusanya mgongoni na kuufunga fundo, juu kidogo ya kiuno, asije akaikojolea. Isimbane: vidole viwili vipite chini yake. Nunua tatu, maana unyevu wa pwani haukaushi nguo haraka, na fulana mbichi juu ya kidonda ni balaa. Yangu ilikuwa ya njano yenye maandishi ya chekechea, watoto wa jirani wakamwita mwanafunzi wiki nzima. Paka naye mkatie mguu wa taiti, utoboe matundu manne.

Ya pili ni koni ya kitambaa. Analala nayo bila kelele, inapinda akipita mlangoni. Mara nyingi utaiagiza Dar ije na basi, kwa hiyo agiza kabla ya siku ya upasuaji. Pima kutoka shingoni hadi puani uongeze kidogo. Pua ikichomoza nje, umetupa hela. Mbwa mbishi huikunja nyuma, huyo haimfai.

Boya la shingoni la kujaza upepo naliweka la tatu, ingawa kwenye picha linapendeza. Anakula na kuona vizuri, sawa. Ila mbwa wetu hawa wa mdomo mrefu hulizunguka wakafika mguuni na mkiani, na kucha za paka hulitoboa.

Taulo la kuviringisha shingoni? La dharura tu, linamtia joto.

Kidonda kikiwa jichoni, sikioni au kwenye wayo, fulana haisaidii kitu. Hapo rudisha plastiki, meza huruma yako, na usogeze meza ukutani.