Kamusi ya mtandaoni na kitendawili cha "patronize"

Mteja aliniletea barua ya malalamiko niitafsiri kwa Kiswahili, na katikati yake mwandishi alikuwa amemwandikia msimamizi wake, kwa Kiingereza, "do not patronize me". Rasimu yangu ya kwanza ilisomeka "usinifadhili", nayo ikamfanya aonekane anakataa msaada, ilhali alichokataa ni dharau. Ndipo nilipofungua Online Etymology Dictionary, kamusi ya asili ya maneno iliyoasisiwa na Mmarekani Douglas Harper, ambayo mtu huisoma bila malipo.

Neno limetokana na Kilatini "patronus", lenye mzizi wa "pater", yaani baba. Katika Roma ya kale huyo alikuwa bwana mkubwa mwenye kuwalinda wanyonge wake, wakiwamo watumwa aliowaacha huru, nao walidamka kwenda kumwamkia mlangoni kwake. Kamusi inaeleza kwamba kitenzi kilianza kutumika katika Kiingereza miaka ya 1580 kwa maana njema ya kulinda na kusaidia, na kwamba maana ya dharau inaonekana katika maandishi kuanzia mwaka 1797. Tarehe hiyo ilinipa mwanga mkubwa, kwa kuwa Mwingereza Samuel Johnson, katika kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755, alikwisha kumweleza mfadhili ("patron", nomino iliyozaa kitenzi hicho) kuwa aghalabu ni mtu duni anayesaidia kwa ufidhuli na kulipwa kwa sifa za kujipendekeza. Uchungu, basi, ulitangulia kuingia katika nomino, kitenzi kikafuata.

Maelezo ya kamusi ya Harper ni mafupi, na anayetaka kusoma sentensi zenyewe za waandishi wa kila karne atalazimika kulipia Oxford English Dictionary. Hata hivyo, kwa mfasiri anayetaka kujua neno lilipindia wapi, naipendekeza hiyo ya Harper kwa moyo wote.

Nilifikiria kutumia "masimango", lakini masimango huja baada ya fadhila, tena kwa maneno makali, wakati msimamizi wa barua ile alisema kwa sauti ya upole, akimweleza mtu mzima polepole kazi aliyoifanya kwa miaka mingi. Mwishowe nikaandika "usinifanye mtoto", na yule baba wa Kilatini akabaki ndani ya sentensi.